Sungura wa Bibi Malgum

Umewahi kukigeuza kioo chako ukautazama mgongo wake?

Pengine hujawahi. Wengi wetu tukishika kioo tunatafuta nyuso zetu. Tukishaziona tunaridhika au tunanuna, basi. Lakini mjini Songdo, enzi za wafalme wa Koryo, kioo kilikuwa sahani ya shaba, na mtu aliyejua kununua alianzia nyuma. Mbele alijiona alivyo. Nyuma aliona anachoombewa. Korongo wawili mawinguni waliomba umri mrefu. Samaki wawili waliomba ndoa yenye watoto. Wavulana watano wenye bendera walikuwa dua ya nyumba inayotamani wanawe wafaulu mitihani ya serikali. Na mwezi wenye mti, chura, na sungura anayetwanga kwenye kinu, huo alipewa mtu ambaye wenzake hawakutaka afe.

Mangsu alipata riziki yake kwa sungura huyo. Alikuwa msubu vioo, mwenye kuyeyusha shaba na kuimimina, katika mtaa wa wafua shaba, karibu na lango la kusini, mtu mfupi mwenye mabega mapana na nyusi zilizoungua zamani zikaota upya bila mpangilio. Nyumba haikuwa yake. Ilikuwa ya wakwe, kama desturi ya huko, ambako bwana harusi ndiye anayefunga virago vyake na kuhamia kwa kina mke. Siku aliyofika, viatu vya majani ya mpunga vikiwa vimelowa matope, mama mkwe wake, Bibi Malgum, alikuwa tayari mjane na ndiye aliyeendesha tanuri. Kabla ya kumkaribisha chakula, alimwekea mbele kioo kimoja cha zamani, mgongo juu.

"Unaona nini, kijana?"

"Sungura, Mama. Anatwanga."

"Anatwanga nini?"

Mangsu hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri. "Mchele wa mkate, Mama."

Bibi Malgum alicheka mpaka akashika nguzo. "Dawa ya uzima wa milele, wewe! Dunia nzima inajua ni dawa, huyu anaona mkate! Yondok, mwanangu, nilikuambia ulete mume, umeniletea tumbo. Haya, mpe Tumbo ale."

Tangu siku ile akawa Tumbo. Aliitwa Tumbo mbele ya wateja, mbele ya watawa waliokuja kununua kengele, hata mbele ya mama yake mzazi alipokuja kumtembelea. Naye akazoea. Bibi Malgum alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi: akikutukana, ujue bakuli lako limeongezwa.

Kioo chenyewe kilitoka ng'ambo ya bahari. Babu yake Bibi Malgum alikipata bandarini kwa mfanyabiashara wa nchi ya Song, na tangu hapo nyumba haikuhitaji mchongaji. Kazi ilikuwa hivi: unachekecha udongo mpaka uwe laini kama unga, unaukanda, unakigandamiza kioo juu yake, unakiinua polepole, na pale chini sungura amebaki amelala kinyumenyume, na masikio yake yote mawili. Unakausha, unachoma, unamimina shaba na bati. Vioo vyote vya nyumba ile vilikuwa watoto wa kioo kile kimoja.

Mtaa mzima ulifanya vivyo hivyo, ila wengine hawakuwa na mama wa vioo. Walikuwa na watoto na wajukuu tu. Na chapa ina tabia yake. Ukichapa kutoka kwa mama, masikio yanatoka. Ukichapa kutoka kwa mtoto, yanafupika. Ukichapa kutoka kwa mjukuu, umepata mbwa. Hosang, jirani wa upande wa pili wa ua, mtu mwema mwenye mdomo, alikuwa anauza mbwa anayetwanga kwa miaka mingi.

"Bibi," alikuwa akisema kila masika, akiegemea ua, "niazime kioo chako kwa muda wa kunywa kikombe kimoja tu."

"Mbwa wako na abweke kwenu," Bibi Malgum alimjibu kila masika. Kisha alikifunga kioo kwenye kitambaa na kukirudisha chini ya mto wake.

Hivyo ndivyo walivyokula, miaka nenda miaka rudi. Halafu macho ya Bibi Malgum yakaingia ukungu, kisha giza. Kisha miguu nayo ikagoma. Vuli moja alilala kwenye chumba chenye sakafu inayopashwa moto kutoka chini, akamwita mkwe wake akae karibu.

"Tumbo. Nikienda, kioo changu kinakwenda na mimi."

Mangsu alijua siku hiyo ingefika. Ndiyo desturi: mwanamke hulazwa na kioo chake, la sivyo huko aendako atajuaje kwamba bado ni yeye? Na Bibi Malgum, katika maisha yote ya kupika na kutoa, hakuwahi kuomba kitu kingine. Mangsu alisema, "Ndiyo, Mama," akatoka nje, akasimama mbele ya tanuri kama mtu aliyesahau alichofuata.

Yondok alimkuta hapo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya kuliko mama yake, ila macho yalikuwa yale yale.

"Umemwambia ndiyo?"

"Ningemwambia nini?"

"Hiyo hiyo ndiyo." Alijifuta uso kwa ncha ya mkono wa nguo. "Lakini bwana, kikiingia ardhini, sisi tutachapa nini? Tutakuwa tunauza mbwa kama Hosang. Na mbwa wa Hosang angalau wamezoeleka."

Basi hapo ndipo Mangsu alipofanya kosa lake, na lilikuwa kosa la msubu hasa. Alisema moyoni: mama haoni. Nitachapa pacha. Pacha alale naye kaburini, mama wa vioo abaki nyumbani, na hakuna atakayelala njaa wala atakayeumia.

Alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alikisugua kioo kipya kwa mchanga na mkaa, akakifukiza moshi, akakipaka siki mpaka kikashika rangi ya uzee, akapitisha kwenye kinundu chenye tundu, katikati ya mgongo, uzi mwekundu uliochakaa wa kile cha zamani. Bibi alipokuwa amelala, alikibadilisha chini ya mto.

Asubuhi alipompelekea uji, alimkuta ameketi, kioo mapajani mgongo juu, vidole vikitembea polepole kama siafu. Vidole vilizunguka ukingo. Vikapanda mti. Vikamgusa chura. Vikafika kwa sungura, vikakaa.

"Tumbo."

"Naam, Mama."

"Huyu sungura amekonda."

Mangsu alihisi uso ukimwaka kama amefungua mlango wa tanuri. Kila msubu anajua kwamba shaba ikipoa hujikunyata; mtoto daima ni mdogo kuliko mama yake, kwa upana wa unywele, wa nyuzi mbili. Alijua. Alidhani vidole vya mwanamke aliyekishika kioo tangu utotoni havingejua.

Alipiga magoti, akainamisha kipaji sakafuni. "Nipige, Mama."

"Nikupige kwa mkono upi? Huu hauwezi hata kijiko. Nirudishie changu."

Alikitoa kifuani alikokuwa amekificha, akakiweka mkononi mwa bibi. Vidole vilimtambua sungura mnene mara moja, na uso wa bibi ukalegea.

"Sikukasirikii," alisema. "Najua ni njaa ya nyumba iliyokusukuma, si ubaya. Unadhani mimi silifikirii hilo? Kufa hakunisumbui. Linalonisumbua ni kwamba nikiondoka nacho nawaachia sufuria tupu, na nikikiacha nakwenda kama mgeni asiye na jina. Sasa niambie, wewe mwanaume. Miaka yote hii umemchapa sungura wangu. Wa kwako yuko wapi?"

"Mimi sina sungura, Mama. Mimi si mchongaji."

"Nani kakuambia?"

Hakuna aliyemwambia, na hakukuwa na haja ya kumwambia. Hebu mtazame: mtu mzima, mikono inayojua joto la shaba kwa rangi ya mwali, na maishani mwake mote hajawahi kuruhusiwa kuongeza hata jani moja. Kila mwaka karakana ya ikulu ilimwita kwa miezi ya zamu, akasubu majoka ambayo yeye mwenyewe alikatazwa kuwa nayo nyumbani. Afisa alimkabidhi kielelezo na maneno yale yale: fuata, usiongeze, usipunguze. Fuata leo, fuata kesho, mwishowe mtu anaamini kwamba hata yeye ni chapa tu ya fulani aliyekuwa bora na aliyekwisha kufa. Huo ni wizi. Wanaoiba ng'ombe hufungwa. Wanaomwibia mtu imani kwamba anaweza, hao wanapewa kofia za heshima.

"Chonga," Bibi Malgum alisema. "Chonga wakati vidole vyangu bado vina uhai, nikukosoe. Ukipata sungura wako, mimi naondoka na wangu, na ninyi mnakula. Usipopata, nitakiacha hiki, nitakwenda mkono mtupu. Sikutishi, mwanangu. Nakuambia tu jinsi itakavyokuwa."

Maneno hayo yalimwingia Mangsu kuliko fimbo. Alinunua nta ya nyuki, akaiyeyusha, akaimimina iwe sahani nene, akakaa nayo kibarazani na kisu chembamba cha mwanzi.

Sungura wa kwanza alimpelekea siku iliyofuata. Vidole vilipita juu yake mara moja tu.

"Nguruwe."

"Ni sungura, Mama. Hayo ni masikio."

"Basi ni nguruwe mwenye masikio. Nguruwe wote wanayo. Rudi."

Wa pili alimchukua siku kadhaa. Alijifungia nyuma ya tanuri, hakutaka hata Yondok amwone. Alipomleta, Bibi Malgum alimshika kwa muda mrefu, na Mangsu akaanza kutabasamu.

"Huyu ni mzuri," bibi alisema.

"Ahsante, Mama."

"Ni mzuri kwa sababu ni wangu. Mguu wake umekunjwa hivi hivi, mchi umeinama hivi hivi. Kwanza uliniibia kwa udongo, sasa unaniibia kwa kichwa. Rudi!"

Alirudi kibarazani akiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kweli. Ulikuwa msimu wa mpunga mpya, na Yondok alikuwa uani anatwanga mchele uliopikwa kwa mvuke, wa mkate. Mchi ulipanda, ukashuka, puu. Ukapanda, ukashuka, puu. Mangsu alisikia kitu kimekosekana kwenye mlio ule kabla hajajua ni nini. Miaka yote mlio wa nyumba hii ulikuwa puu-pa, puu-pa: mama upande mmoja wa kinu, binti upande mwingine, mchi mmoja ukitoka mwingine unaingia, na katikati yao matusi na vicheko. Sasa ng'ambo ya kinu palikuwa na nafasi tupu, na Yondok bado alitwanga kwa mwendo ule wa zamani, akisubiri kila mara, bila kujijua, pigo la mchi ambao haukuja.

Mangsu aliichukua nta. Hakufikiri tena kuhusu sungura wa Song wala sungura wa mtu yeyote. Alichonga mpaka mwanga ukamwishia.

Kesho yake aliileta sahani ya nta kwa mikono miwili. Yondok alimfuata, akasimama mlangoni, unga bado mikononi.

Vidole vya Bibi Malgum vilianzia ukingoni, kama kawaida. Vikafika kwenye kinu, vikasimama. Vikaenda kushoto. Vikarudi. Vikaenda kulia.

"Wako wawili," alisema.

"Wawili, Mama."

"Mchi mmoja juu, mmoja chini." Vidole vilirudi kushoto. "Huyu mgongo umepinda. Huyu ni mzee." Vikaenda kulia. "Huyu mrefu. Yondok, huyu ni wewe, ana shingo yako." Yondok alikuwa ameufunika mdomo kwa kiganja cha unga. "Na chura yuko wapi? Hapa chini ya mti palikuwa na chura. Hapa kuna... hiki ni nini? Kidogo, kimekaa kitako, kimeachama mdomo."

"Ni mimi, Mama," Mangsu alisema. "Nasubiri mkate."

Bibi Malgum alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akanyweshwa maji, akacheka tena. Unga ulikuwa umempaka Yondok masharubu, naye alicheka na kulia kwa pamoja.

"Tumbo wee! Umejichonga mwezini! Watu wanamtuma sungura dawa ya kutokufa, wewe unaagiza chakula!"

"Dawa hakuna aliyeiona, Mama. Mkate tumeula."

Kidole cha bibi kilibaki juu ya kile kimdomo kilichoachama. "Kweli," alisema taratibu. "Mimi nimetwanga maisha yangu yote, na sikuwahi kutwanga dawa. Wamiminie shaba hawa. Wasikonde."

Siku ya kumimina alitaka kubebwa uani, akafungwa blanketi zito mpaka kidevuni, kwa sababu alisema kioo kizuri kinajulikana kwa mlio shaba inapoingia. Hosang alikuja kusaidia kuvuta mivukuto ya tanuri, akaona maandalizi, akakuna kichwa.

"Bibi, leo mnasubu nini? Mbona sikioni kile kioo?"

"Leo hatuchapi, Hosang. Leo tunazaa."

"Kwa umri wako, Bibi?"

"Vuta mivukuto, mbwa wee!"

Shaba iliingia na mlio mrefu laini, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kushusha mzigo. Bibi Malgum alitikisa kichwa mara moja. Kioo kilipopoa na udongo kuvunjwa, alikipokea kingali na joto, na vidole vikawatafuta wale watatu, vikawapata.

"Wanene," alisema.

Maji ya mtungi yalipoanza kuganda asubuhi, Bibi Malgum aliomba kipande cha mkate wa mchele. Aliuma kidogo, akasema Yondok amesahau chumvi, akageukia ukutani kupumzika. Hakuamka.

Walimzika kwenye mteremko unaotazama kusini, kati ya misonobari. Mangsu ndiye aliyeshuka kaburini. Alikifungua kitambaa, akakiweka kioo cha zamani kifuani pake, upande unaong'aa ukimwelekea yeye, sungura akitazama juu. Hakujuta. Aliponyoosha mkono atolewe shimoni, aliyemvuta alikuwa Hosang, ambaye alikesha nao, akabeba jeneza, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane mtaani hakusema mzaha.

Njiani kurudi, Hosang ndipo alipofungua kinywa. "Kile kipya hakijasuguliwa uso. Nipe mimi nikimalizie. Mikono yako leo si ya kazi."

Mangsu alimpa, bila hata kufikiri.

Kesho yake asubuhi aliamka mapema kwa mazoea, akachota uji bakulini, akafika mpaka mlango wa chumba cha mama ndipo akakumbuka. Alisimama pale kidogo na bakuli lake. Kisha alitoka nje kupata hewa, akauelekea ua.

Kupitia upenyo wa fito alimwona Hosang. Alikuwa amepiga magoti uani kwake, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anakigandamiza kioo kipya kwenye udongo kwa uangalifu wa mtu anayemlaza mtoto mchanga. Alitazama kulia, akatazama kushoto kama mwizi. Akakiinua polepole. Pale chini kwenye udongo walilala sungura wawili na kinu chao, na yule mdogo chini ya mti, mdomo wazi. Hosang aliwatazama muda mrefu. Kisha, peke yake, akidhani hakuna anayemwona, aliugusa ule mdomo mdogo kwa ncha ya kidole, akaangua kicheko, akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Hasira ilimpanda Mangsu mpaka kooni. Ikafika hapo, ikashuka. Aliuweka uji juu ya nguzo ya ua.

"Hosang!"

Hosang aliruka nusura akikanyage kioo.

"Udongo wako umelowa mno," Mangsu alisema. "Masikio yatapotea. Ngoja nakuja."